Pua za Nyumba Moja

Mtaani walimwita Digrii, na usidhani walikuwa wakimsifu. Mwaka wa nne huu tangu avae joho, na bado alikuwa anakula na kulala kwa shangazi yake, mjane mwenye sauti ya kuwaita watu kutoka barabara ya pili. Cheti kilikuwa kwenye fremu sebuleni. Nyuma ya nyumba walikuwa kuku wa nyama mia mbili, na hao ndio waliokuwa kazi yake.

Tusidanganyane, kuku wa nyama anatia kinyaa. Haruki, hachakuri, hana habari na dunia. Anakula, anakunya, anakaa palepale alipokunya, kisha anakula tena. Akifika wiki ya tano kifua kimeishinda miguu, basi anajilaza kwenye maranda yaliyoloa mpaka manyoya ya tumbo yananyonyoka na ngozi nyekundu inabaki wazi. Kila asubuhi, hata chai hajanywa, Digrii aliingia bandani kugeuza yale maranda kwa reki, na mvuke wake ukamchoma macho na kumkaba koo. Siku njema aliwakuta wamekufa wawili. Siku mbaya aliwakuta hao wawili wameshaanza kuliwa na wenzao. Aliwatoa kwa kuwashika miguu, akatema mate, akanawa mara tatu, kisha akaketi kuandika barua za kuomba kazi. Barua alizoandika zingetosha kutandika banda lote, na maranda yangepumzika.

"Kazi mbaya si mchezo mwema, baba," shangazi alikuwa akimwambia kila akimwona amekunja uso. "Hao unaowatemea mate ndio wanaokulisha."

"Najua, shangazi. Ndiyo maana hata chakula hakinipandi."

Msimu wa mvua ulipofika, banda likavuja, na vifaranga wapya wakahamishiwa chumbani kwa Digrii. Walizungushiwa kadibodi, wakawashiwa taa mbili kubwa za kuwapa joto, na mwenye chumba akahamia kwenye kochi. Ni wiki hiyohiyo ujumbe ulipoingia kwenye simu: usaili, nafasi ya ofisa ugavi, Alhamisi saa tatu asubuhi. Ulikuwa usaili wake wa kwanza katika miaka minne. Aliusoma ujumbe mara tano akiwa amesimama katikati ya kinyesi.

Suti alikuwa nayo moja, ya marehemu baba yake. Shangazi aliifua Jumatatu. Mvua haikukatika hata saa moja, kwa hiyo akaitundika juu ya zile taa za vifaranga, ikakaa hapo siku mbili.

"Joto la bure hilo," akasema, na Digrii mwenyewe akamsifu kwa akili hiyo.

Alhamisi asubuhi alijitazama kwenye kioo, akamgeukia. "Hebu ninuse, shangazi. Sinuki kuku?"

Shangazi akanusa kola, akanusa kwapa, akanusa mgongo. "Unanukia sabuni tupu. Nenda, mwanangu, kazi yako hiyo."

Alisema kwa dhati. Tatizo ni kwamba pua ile ilikuwa imelala nyumba moja na kuku miaka minne, sawa na pua ya aliyeuliza.

Getini mlinzi alimtaka kitambulisho, akampekua mkoba, akamsukumia daftari la wageni. Jina. Unakotoka. Sababu ya kuja. Digrii akaandika "Usaili" kwa mwandiko wake bora. Mlinzi alirudi nyuma hatua moja, na Digrii akaona ni heshima.

Waliomsaili walikuwa watatu: mama wa miwani aliyekuwa mwenyekiti, bwana mmoja mnene, na katibu. Swali la kwanza alilijibu vizuri mno. Katibu akainuka, akafungua dirisha. La pili akalijibu vizuri zaidi. Katibu akafungua la pili, mvua ikaingia hadi kwenye makaratasi, na hakuna aliyelalamika.

"Kweli leo kuna joto," Digrii akasema kwa adabu.

Mama wa miwani akajiziba pua kwa leso. Bwana mnene akaegemea mbele. "Samahani, kijana. Nyumbani kwenu mnafuga?"

"Kidogo, mzee. Kuku wa nyama."

"Nilijua!" Akapiga meza. "Mke wangu alifuga, nikamwambia achague, mimi au kuku!"

Wakacheka wote, hata yule wa leso. Upepo wa dirishani ukampiga Digrii kifuani, upepo safi uliotoka nje, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaisikia harufu yake mwenyewe. Kinyaa kikampanda, na safari hii hapakuwa na kuku wa kulaumiwa. Maswali yaliyobaki yalikuwa ya kuku: wanachinjwa wiki ya ngapi, unawanyonyoa mwenyewe? Wakamwomba namba ya simu, ingawa ilikuwa mbele yao kwenye barua.

"Nilinuka, shangazi," alisema alipofika nyumbani.

"Ulinuka nini? Mbona mimi sikusikia?"

"Mimi na wewe tumeshakufa pua."

Shangazi akainuka. Akaichukua suti, akaifua mara mbili kwa limau, akaenda kuianika kwa jirani asiyefuga kitu.

Wiki tano baadaye katibu alipiga simu. Digrii alikuwa bandani, reki mkononi. Nafasi imeshapata mtu, katibu akasema, ila Ijumaa kuna hafla ya kumkaribisha. Wanahitaji kuku thelathini, waliosafishwa.

Alitaka kumtukana. Lakini kuku walikuwa na wiki sita, na wakicheleweshwa huanza kufa kwa uzito wao wenyewe. Ijumaa alfajiri akachinja, akachovya kwenye maji ya moto, akanyonyoa. Harufu ya manyoya yaliyoloa ilimshinda akiwa kwenye kuku wa kumi na moja. Akatapika ukutani, akafuta mdomo kwa mkono, akaendelea na wa kumi na mbili.

"Vaa suti," shangazi alimwambia, macho yamemwiva. "Wakuone."

Akavaa. Alifika getini na ndoo mbili zilizofunikwa, akaziweka chini, akanyoosha mkono kuchukua kalamu, aandike jina lake na sababu ya kuja.

Mlinzi akalifunga daftari. "Wewe pita tu, wa kuku. Mlango wa jikoni uko kule nyuma."

Geti likafunguliwa bila swali hata moja. Digrii akabeba ndoo zake. Suti ilikuwa inanukia limau, na hakuna aliyesogea kuinusa.