Fundi Meno na Gari Lililopona

Mtu akikuambia kwamba kutengeneza meno bandia ni kazi ya kuchangamsha, mtazame vizuri, huenda anataka kukuuzia kitu. Fundi Meno aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, katika chumba cha nyuma chenye dirisha dogo, taa ya spiriti na rafu iliyojaa vinywa vya plasta. Madaktari walimletea vipimo vya taya ndani ya boksi, naye akawarudishia meno ndani ya boksi. Wenye meno yao hakuwahi kuwaona. Mjini palikuwa na watu wazima wanaocheka, kutafuna na kugombana na wake zao kwa meno aliyoyachonga yeye, na wakipishana naye njiani hawakumpa hata salamu. Kutwa alizungukwa na vinywa, na hakuna hata kimoja kilichomsemesha.

Mkewe alishona mapazia sebuleni, na huko mambo yalikuwa kinyume kabisa. Wateja walikuja kupima pazia, wakakaa, wakalisahau pazia, wakapiga soga mpaka cherehani ikapoa. Fundi Meno akichungulia, maongezi yalikatika. "Shikamoo, baba, kazi zinaendaje?" "Marahaba, zinakwenda." Basi, akarudi kwenye plasta yake. Watoto wao walikuwa wamekwisha kujitegemea mbali, na walipopiga simu neno lao la pili lilikuwa "mpe mama." Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa mpweke tu, tena kwa kipindi kirefu hivi kwamba alidhani ni uchovu wa macho.

Lakini Jumapili! Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alivaa miwani mikubwa ya upepo, akajizungushia shingoni skafu aliyoshonewa na mkewe kwa mabaki ya pazia la mteja, maua kwa maua, akaenda kulifunua gari lake. Lilikuwa gari dogo jekundu la mbio, la zamani kuliko ndoa yake, viti viwili, halina paa, lina pua ndefu kama ya mtu anayefuatilia harufu ya chapati. Alilisugua kwa unga uleule wa kung'arishia meno bandia, ndiyo maana hakuna gari lililong'aa kama lake.

Chama chao kilikuwa na wanachama wanne na magari manne, yote ya mbio, yote ya zamani, na yote, tukisema kweli bila kuoneana haya, yalikuwa hayakimbii. Mwenyekiti alikuwa Mkunga mstaafu, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kuamuru watu wasukume. Gari lake lilikuwa la kijani. La njano lilikuwa la Dalali wa nyumba, mtu ambaye hata ukimwuliza saa anaanza kwa kukusifia ukuta. La buluu lilikuwa la Dereva, ambaye siku za kazi aliendesha gari la maiti kwa mwendo wa adabu, na Jumapili alitaka kulipiza. Walikutana katika uwanja wa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambayo siku hiyo ilifungwa, na huko ndiko mbio zao zilikofanyikia: boneti juu, spana mkononi, magurudumu yametulia tuli.

Chama kilikuwa na taratibu mbili, zote za Mkunga. Ya kwanza, hakuna mtu kugusa injini ya gari lake mwenyewe, si Jumapili, si siku nyingine. Kuosha ruhusa, kung'arisha ruhusa, lakini injini ni ya wenzako. Hiyo aliitoa hospitalini, ambako hakuwahi kumzalisha mtu wa nyumbani kwake. "Mapenzi yanapofusha," alisema. "Mtu anaona gari lake linakohoa, yeye anasema linaimba." Palikuwa na mwanachama wa tano zamani, mhasibu, alikutwa akikaza nati yake mwenyewe. Alifukuzwa palepale, na hadi leo akikutana na wenzake dukani hujitia kusoma maandishi ya sabuni.

Utaratibu wa pili ndio uliomfanya Fundi Meno aisubiri Jumapili wiki nzima. Mwenye gari bovu aliketishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja, akasimulia. Wenzake watatu walisimama mbele yake na chai zao, na ilikuwa mwiko kumkatiza. Lilianza lini? Lilikohoa likiwa baridi au likiwa moto? Wewe ulijisikiaje? Fundi Meno akikalia kile kigoda alifunguka kama bomba lililozibuliwa. Alisimulia moshi, akauigiza mngurumo, akatia chumvi, akaingiza habari za mkewe, za wanawe, za ndoto aliyoiota, na watu wazima watatu walimtazama mdomoni hadi mwisho. Kisha ndipo walipoinamia boneti, mabega yakigusana, wakibishana kwa raha.

Sasa sikia balaa lililomkuta. Jumapili moja Dereva aligundua kwamba mfuniko wa kabureta ya gari jekundu ulikuwa na ufa mwembamba. Wakaubadilisha, wakapiga stata, injini ikawaka mara moja. Ikaunguruma taratibu, bila kukohoa, bila moshi, bila hata kigugumizi. Walizunguka nalo uwanja mzima, wakapiga makofi, wakakumbatiana. Dalali alisema gari hilo sasa lina mandhari nzuri na liko karibu na barabara.

Jumapili iliyofuata Mkunga aliuliza kama kawaida, "Haya, Fundi, gari lako linaendeleaje?"

"Salama," akajibu Fundi Meno.

"Tunashukuru. Dalali, njoo ukae."

Basi, ikawa ndiyo hivyo. Dalali akakaa kwenye kigoda, akasimulia breki zake kama mtu anayeuza ghorofa. Fundi Meno alisimama kando na kikombe chake. Alishika tochi, akapokezana spana, lakini hakuna aliyemwuliza kitu, maana ungemwuliza nini mtu mwenye gari zima? Jumapili nyingine, "Salama." Nyingine tena, "Salama." Neno lenyewe likaanza kumkera kinywani. Alirudi nyumbani na gari linalokwenda vizuri na uso ulioshuka, na mkewe alipomwuliza habari za chama alisema, "Liliwaka," akaenda kulala.

Mkewe aliacha kushona akautazama mgongo wa mumewe ukiingia chumbani. Hakulipenda jambo lile.

Ndipo shetani akampitia. Jumamosi jioni Fundi Meno alifungua boneti yake mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akalegeza waya wa plagi. Kesho yake gari lilifika uwanjani likirukaruka. Lo, furaha iliyoje! "Kaa, Fundi, kaa!" Akakaa, akasimulia mpaka chai ikapoa. Tatizo ni kwamba Dereva aliinama mara moja tu, akaukaza waya, mambo yakaisha. Wiki iliyofuata akachomeka tambara kwenye bomba la moshi. Mkunga akalivuta kabla hata hajamaliza utangulizi. Fundi Meno aliona anachezewa rafu: yeye anahangaika wiki nzima kubuni ugonjwa, wao wanautibu kwa dakika moja.

Akataka ugonjwa wa kutwa. Ugonjwa wa kuwafanya wafungue kila kitu, wakune vichwa, waagize chai ya pili. Akiwa chumbani kwake amezungukwa na vinywa, jicho likaangukia nta ya waridi, ile anayoumbia fizi. Kipande kidogo kikisokomezwa mahali petroli inapoingilia kwenye kabureta, gari halitawaka ng'o. Na uzuri wake, alijiambia, nta ikikaa ndani ya petroli italainika, mpaka jioni itakuwa imeyeyuka yenyewe, gari litawaka kimuujiza, na hakuna atakayejua. Aliipasha nta kwenye taa ya spiriti, akaifinyangafinyanga huku akiutunga usimulizi wa kesho, akaipeleka gizani kwenye gari, akaisokomeza ndani, akarudi akipiga mluzi.

Jumapili gari halikuwaka ng'o, kama alivyotaka. Dereva alikuja kulivuta kwa kamba, mwendo uleule wa siku zake za kazi, na watu njiani walivua kofia.

Uwanjani Fundi Meno alikalia kigoda, akasimulia kwa ufundi ambao hajawahi kuufikia. Dalali alisahau kutafuna. Mkunga alimwekea mkono begani akasema, "Pole sana, ndugu yangu." Kisha wakafungua. Plagi zikatoka, nzima. Betri, nzima. Chai ya pili ikaagizwa. Fundi Meno alikuwa anaelea kwa furaha, mpaka Mkunga aliposema, "Petroli haifiki. Nipeni koleo nyembamba."

Hapo ndipo Fundi Meno alipoikumbuka hali ya hewa. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na nta ya baridi haiyeyuki hata ukiibembeleza. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale, na ndilo alilolisahau.

"Kuna kitu," alisema Mkunga, ameingiza koleo, jicho moja limefumba. "Tulieni. Kinakuja. Kinakuja chenyewe, msikilazimishe. Hicho hapo!"

Akainua koleo juu mwangani. Kwenye ncha yake palikuwa na jino.

Halikuwa donge la nta. Lilikuwa jino kamili, gego dogo kama punje ya mahindi, la waridi, lenye vilima vyake juu na mizizi yake miwili chini, limechongwa kwa usafi wa kutisha. Maana mikono iliyochonga meno maisha yake yote haijui kufinyanga kitu kingine. Akili ilipokuwa ikitunga usimulizi, vidole vilijiendea kazini.

Wote watatu wakalitazama jino, kisha wakamgeukia Fundi Meno.

"Nimefanya kazi ya ukunga miaka yote," Mkunga alisema polepole, "sijawahi kuzalisha jino."

"Huenda..." Fundi Meno alianza. "Huenda limetoka kwenye petroli ya siku hizi."

Dalali ndiye aliyelipuka. "Amegusa gari lake! Mhasibu tulimfukuza kwa nati, huyu ametia jino zima! Sheria ni sheria, afukuzwe!"

Fundi Meno hakujitetea. Alikaa pale kwenye kigoda na skafu yake ya maua, akiwaza Jumapili zitakazokuja, yeye na vinywa vya plasta na simu ya "mpe mama". Machozi yakamlenga, mbele za watu, akaona haya akashusha miwani ya upepo machoni.

"Bado uko kwenye kigoda," Mkunga akamwambia. "Simulia. Na safari hii usiigize injini."

Akasimulia. Hakikuwa kisa kirefu. "Lilipopona, mlisema mnashukuru, mkanipita. Mimi wiki nzima nakaa na meno, Mama. Meno hayaulizi mtu habari. Nyinyi ndio mlikuwa mnaniuliza. Basi. Nikaliumiza ili mniulize."

Dereva alipenga kamasi. Huyo alizoea kuona watu wakilia, lakini si wenye gari.

"Hata hivyo, sheria..." Dalali alianza tena, kwa sauti ya chini kidogo.

"Dalali," Mkunga alimkata, "ule mpira wa breki uliotusimulia juzi, uliokatika wenyewe. Ulikatwa kwa kisu cha mkate au cha nyama?"

Dalali akaanza kuvichunguza viatu vyake kana kwamba vinauzwa. Dereva akageuka kutazama ukuta, naye masikio yamemwiva. Mkunga aliwaangalia wote mmoja baada ya mwingine, kisha, ajabu, akalitazama gari lake la kijani, akakohoa, akaona afadhali asiendelee na uchunguzi.

"Msukumeni nyumbani," akaamuru.

"Linawaka sasa," alisema Dereva. "Jino limeshatoka."

"Nimesema sukumeni!"

Wakalisukuma. Fundi Meno ameshika usukani, watatu wako nyuma wanahema, wanabishana nani anasukuma na nani anaegemea tu. Walipofika kilima kidogo karibu na duka la dawa, hatua chache tu kutoka nyumbani kwa Fundi Meno, Dalali alianza kumsimulia mpita njia jinsi gari hilo lilivyong'olewa jino, Dereva akashikwa na kicheko, miguu ikamwishia nguvu, gari likawarudia, wakakimbia nalo kinyumenyume wakipiga mayowe, na hizo ndizo zikawa mbio pekee za kweli katika historia ya chama.

Mke wa Fundi Meno alisikia kelele akatoka mlangoni na futi ya kupimia pazia shingoni. Alimwona mumewe amesimama ndani ya gari, hana miwani, anacheka mpaka kamasi zinamtoka, na watu watatu wazima wamejaa grisi wameketi chini barabarani, hawawezi hata kuinuka. Alikuwa hajamwona hivyo tangu gari lile lilipopona.

"Jamani, limeharibika tena?" aliuliza.

Mkunga alijiinua, akajifuta mikono kwenye sketi, akaingiza jino mfukoni kabla mke wa Fundi hajaliona.

"Vibaya sana, wifi," akasema. "Hatuwezi kuliacha mpaka Jumapili. Itabidi tuwe tunakuja na katikati ya wiki."