Siku Niliyojifunika Leso Mbele ya Ofisa wa Viza

Wenzangu, nikiwaambia kwamba nimewahi kujifunika leso gubigubi katikati ya ofisi ya viza kule Nairobi, nikatoa mguu nje na kuanza kutikisa kidole gumba mbele ya ofisa wa serikali ya watu, mtasema Karimi ameanza tena kutia chumvi. Sina chumvi leo, natamani ningekuwa nayo. Nikiikumbuka aibu ile hata sasa natoka jikoni naenda uani, natoka uani narudi jikoni, siwezi kutulia mahali pamoja.

Mume wangu Mutwiri mnamjua, yule wa Mikinduri, aliyeko Kanada mwaka wa sita sasa akifanya kazi katika kiwanda cha kupakia nyama (makaratasi yake yote yako sawa, kabla hamjaanza kuulizana). Tulipendana kwa simu zaidi kuliko kwa macho, maana tulianza kuzoeana vizuri akiwa ameshaondoka, na alipokuja likizo ya wiki tatu kwa ajili ya ruracio, siku ya kuleta mahari, ndipo nilipofanya kile kitu kidogo kilichonifikisha hapa.

Desturi yetu si mnaijua? Bibi harusi anasimamishwa na wasichana wengine wa kimo chake, wote wanafunikwa leso kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha mwanamume anaingia amchague wake, na akikosea anapigwa faini ya mbuzi na kuchekwa mpaka watu waondoke. Na mnajua pia kwamba hakuna mwanamume anayeingia pale bila kupewa ishara (msijifanye watakatifu, hata nyinyi mlitoa). Yetu ilikuwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Akipita mbele yangu, nakitikisa mara tatu.

Basi niko chini ya leso, jasho linanitiririka, nasikia akina shangazi wakiimba aingie, na hiki kichwa changu kisichojua kupumzika kikaanza maneno: huyu ananijua mimi au anakijua kidole? Miaka minne ya simu. Kama ananipenda kweli, si atanitambua kwa mabega tu, kwa nilivyosimama? Nikaamua sitatikisa kitu.

Akapita, nikakaa kimya kama kisiki. Akarudi, akasimama mbele yangu, nikaziona ncha za viatu vyake, nikabana vidole. Akapita mara ya tatu, na wakati huo binamu yangu Kendi, aliyekuwa kushoto kwangu na mguu wake umeshakufa ganzi, akanyoosha vidole vyake maskini bila nia yoyote. Mutwiri hakungoja. Akamshika mkono, akamfunua leso huku anatabasamu meno yote nje, na mpiga picha akabonyeza papo hapo.

Mlicheka, mnakumbuka. Mutwiri naye alicheka, ila hakunitazama usoni mpaka chakula kikaisha. Baadaye tulipobaki wawili aliniuliza taratibu mbona sikutikisa kidole, na mimi (hapa ndipo ninapotaka kujichapa kofi) nikamwambia nilitikisa sana, wewe ndiye hukuona. Akaniamini. Tukafunga ndoa kanisani wiki iliyofuata, akarudi Kanada, na kwao akabaki na jina la yule aliyeoa mke asiyemjua. Kila akipiga simu nyumbani lazima mtu amuulize kama siku hizi ameshanitambua. Ananisimulia, na mimi nasema waache hao, hawana kazi.

Tukaanza mambo ya viza. Fomu ilitaka kila mmoja wetu aeleze kivyake jinsi tulivyooana, na ilitaka picha, na kila picha iwe na maelezo chini yake. Nikaenda saiba, kile kiduka cha kulipia kompyuta na mtandao, pale Nkubu siku ya soko, foleni nyuma yangu inakohoa, umeme unakwenda na kurudi, nikaona haya mambo ya kuandika maelezo arobaini tofauti yatanilaza pale. Nikaandika moja, "Mimi na mume wangu siku ya ruracio", nikalibandika chini ya picha zote, nikatuma. Hata sikuziangalia.

Miezi ikapita. Nikawa mtu wa kufungua simu kila baada ya dakika kumi, hata watoto wa chekechea ninaowafundisha wakiimba herufi mimi niko na simu chini ya meza, naangalia kama kuna neno. Likaja neno: fika Nairobi kwa mahojiano.

Kule wanakuhoji kupitia kioo chenye kipaza sauti, kwa hiyo watu wote waliokaa nyuma yako wanasikia. Ofisa alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Akaniuliza mume wangu alinichaguaje siku ya ruracio. Nikajua Mutwiri lazima aliandika kuhusu leso, na kwa vile najua anavyoumia na jambo lile, nikajua pia aliandika uongo. Nikamtetea. Nikasema alinitambua mara moja, watu wakapiga vigelegele.

Ofisa akaitikia kwa kichwa, akasema hivyo ndivyo mume wangu alivyoandika. Kisha akaibandika picha kwenye kioo. Mutwiri, meno nje, kamshika mkono Kendi, na chini yake maandishi yangu: Mimi na mume wangu.

"Huyu mwanamke ni nani?" akauliza.

Nikasema ni binamu yangu. Akauliza mbona nimeandika ni mimi. Nikasema ilikuwa saiba. Akauliza saiba inahusikaje na binamu yangu kushikwa mkono na mume wangu. Kiingereza kikaanza kunikimbia, nikaona kabisa anafikiri Mutwiri alimwoa Kendi na mimi nimeletwa tu, nikaiona viza inapeperuka, nikaona miaka mingine ya simu. Nyuma yangu alikuwa ameketi mama mmoja na leso mabegani. Sijui hata kama nilimwomba. Nikaichukua, nikajifunika, nikatoa mguu kwenye kiatu na kuanza kumwonyesha ofisa kwa kelele: hivi ndivyo nilivyosimama, hii ndiyo ishara, na mimi sikutikisa, nilikataa makusudi, nilitaka kumpima, yeye hakukosea, mimi ndiye niliyemdanganya mpaka leo.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mlinzi akaja akaniuliza kama niko sawa. Nilipofunua uso, ofisa alikuwa ameziba mdomo kwa faili. Akaniambia niyaandike hayo yote, niape mbele ya wakili, na mume wangu asome na kutia sahihi yake pia.

Asome. Hilo neno nililibeba njia nzima kurudi nyumbani. Nilikaa na ile karatasi siku tatu, naiweka kwenye kabati, naitoa, naiweka chini ya godoro, naitoa. Siku ya nne nikaipiga picha, nikamtumia, nikaizima simu na kuiwasha, nikaizima na kuiwasha. Alipopiga hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Miaka miwili, Karimi, nimekuwa nikijiuliza mimi ni mtu wa aina gani, nikashindwa kumjua mke wangu," akasema. "Na ulikuwa unanisikia nikichekwa."

Nikamwomba msamaha huku nalia. Akasema amesikia, sahihi atatia, na viza tuendelee kuingoja. Halafu akaongeza:

"Lakini walionicheka hawatasoma hiyo karatasi. Waambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mmoja mmoja."

Viza imetoka, ndiyo. Nilipoiona nilikaa chini kwenye jiwe la kufulia, kisha nikasimama nikaanza ziara. Mama yangu ameshaambiwa, Kendi ameshaambiwa (amenuna, kumbe naye wamekuwa wakimwita mwizi wa waume), na leo ni zamu yenu, nyinyi mliokuwa mnapakua mukimo na kucheka kuliko wote. Nimeapa sitampima tena mtu anayenipenda bila yeye kujua yuko kwenye mtihani, na nikikosa sitangoja mgeni nyuma ya kioo anitoe ukweli.

Nimewatanguliza nyinyi mliocheka kwa sababu nyinyi ni rahisi. Kesho napanda Mikinduri kwa mama yake Mutwiri. Yeye siku ile hakucheka. Aliinamisha kichwa, akatoka, akaenda kukaa peke yake ndani ya gari mpaka ikafika saa ya kuondoka.