Njoo na Dawa Unayopigia Mswaki

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika koleo. Niliripoti hospitali ya wilaya asubuhi na mapema, koti jeupe limenyooshwa kwa pasi, cheti cha utabibu wa meno kwenye bahasha, nikijua leo hii hii nitang'oa gego la mtu. Daktari wa Meno wa Wilaya alikuwa mzee wa Kihaya asiyeongea na mtu kabla hajamwangalia kinywani. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, binti," halafu akaniwekea mezani beseni la plastiki. Ndani mlikuwa na mrija wa dawa ya meno uliokamuliwa mpaka mkia, mkaa uliosagwa, kijiti cha mswaki wa mti, jivu kwenye kopo na chumvi ya mawe.

"Hivi ndivyo walivyokuja navyo wagonjwa wa jana," akasema. "Niambie kila kimoja kinalifanya nini jino."

Nikaanza kumjibu kama ninavyojibu mtihani. Akanikatiza.

"Hapana. Niambie kama unavyomwambia mama aliyeacha mbuzi wake kwa jirani ili aje hapa. Ukishindwa kumweleza huyo, na koleo hutashika."

Wiki nzima nikakaa na lile beseni. Nilikasirika, acha tu! Wenzangu niliosoma nao wanang'oa huko waliko, mimi nahojiwa habari za jivu. Lakini yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Sheria yake ilikuwa moja: mgonjwa wa meno aje na dawa anayopigia mswaki, na mswaki wenyewe. Wa dukani alete mrija, wa jivu alete jivu. Maana ukimuuliza mtu anapiga mswaki mara ngapi, wote watakujibu asubuhi na jioni. Uongo mtupu! Mwangalie mswaki wake, utajua.

Basi niwaeleze ninyi vijana nilichojifunza kwenye beseni lile, kwa sababu naona siku hizi mnachagua dawa ya meno kwa kuangalia tangazo kwenye simu. Kazi ya dawa ya meno si povu, na wala si ule ubaridi wa mnanaa unaowafanya mjione wasafi. Juu ya jino kuna gamba gumu. Vijidudu vya kinywani vikila sukari mliyokula, vinatoa asidi, na asidi inalila gamba lile mpaka linatoboka. Madini yanayoitwa floraidi ndiyo yanayoliimarisha. Kwa hiyo shika boksi, ligeuze nyuma, usome. Tafuta neno floraidi, na namba yake isipungue elfu moja. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Basi, umeshachagua. Ya bei ndogo yenye madini hayo inaishinda ya bei kubwa isiyokuwa nayo.

Kijana mmoja hapa Usagara, karibu na Mwanza, ninapoishi, aliniletea simu yake. Anasema mstari wa kijani mkiani mwa mrija maana yake ni dawa ya asili, na mweusi ni sumu. Nikamwambia, "Mwanangu, ule mstari unaiongoza mashine ya kiwandani ijue pa kukata. Umeacha kusoma maandishi unasoma mstari?" Akacheka, akaenda zake. Sijui kama alinisikia.

Na mwenye mswaki wa mti simkatazi, mradi autafune mpaka ulainike na asugue taratibu mpaka magego ya nyuma, na dawa apake juu yake. Mtoto mchanga aliyeota meno apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Akifika miaka mitatu, kiasi cha punje ya choroko, na mzazi awe amesimama pale pale, maana watoto wanaimeza kama peremende. Mkimaliza temeni, lakini msisukutue kwa maji kikombe kizima, mnayaosha madini mliyoyanunua. Na jino lililokwisha kutoboka halizibwi na dawa ya mswaki. Nimewahi kuzibua jino la mtu aliyelishindilia dawa ya mnanaa mwezi mzima. Harufu ilikuwa nzuri, jino lilikuwa limekufa.

Kutoka pale nilihamishiwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kwenye zahanati iliyo karibu na mwalo, pale wavuvi wanapopakulia dagaa. Bosi wangu alikuwa Mganga Mfawidhi mpole ambaye aliogopa sindano kuliko wagonjwa wake. Wavuvi wa pale walikuwa wanasugua meno kwa mchanga wa ufukweni. Walikuwa na meno mafupi kama ya ng'ombe mzee. Nilipigana na ule mchanga mpaka mke wa mmoja wao akanibandika jina la Mama Meno, na jina langu halisi likasahaulika. Nikakaa huko miaka mingi, nikaolewa, nikamzaa Minza, halafu nikaletwa mjini Mwanza kwenye kituo cha afya kimoja. Hapo ndipo nilipokutana na Ng'wasi.

Alikuwa mwanachuo wa ualimu kutoka Butimba. Binti mrefu, sauti nzuri, lakini aliongea na mimi mtandio ukiwa umeziba mdomo, na hata nilipomwambia aketi kwenye kiti cha matibabu hakuushusha.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akinisalimia Kisukuma kama mama yake. "Nataka uning'oe meno manne ya mbele. Nimeshaulizia, ya bandia yapo, meupe kabisa."

"Yanauma?"

"Hayaumi sana. Ni mabaya."

Nikamwambia, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Shusha huo mtandio."

Akaushusha. Nikajua mara moja anakotoka. Kuna vijiji vya bara kwetu Usukumani, mbali na ziwa, ambako maji ya visima yana floraidi nyingi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa tangu mdogo, meno ya ukubwani yanatoka na mabaka ya kahawia. Nyumba nzima wanayo, kijiji kizima wanayo, na huko kwao hakuna anayemshangaa mwenzake. Shida inaanza ukifika mjini.

Nikamwomba dawa anayopigia mswaki, kama sheria ya mzee wangu. Akatoa mkobani kikopo. Ndani alikuwa amechanganya unga wa mkaa na magadi, na pembeni kipande cha limau. Lo! Nikachukua kioo, nikaangalia. Mabaka ya kahawia yapo pale pale, hayajasogea, ila gamba la jino karibu na fizi limelika mpaka limefanya mfereji, na fizi zinavuja damu.

"Umesugua gamba, umeacha rangi," nikamwambia. "Maji ya baridi unakunywaje?"

Hapo akaanza kulia. Kumbe maji ya baridi alikuwa amekwisha kuyaacha. Na kumbe shida yenyewe haikuwa meno. Mwaka uliopita, kwenye mazoezi ya kufundisha, mtoto mmoja wa darasa la tatu alisema kwa sauti, "Mwalimu hapigi mswaki." Darasa zima likacheka. Tangu siku ile Ng'wasi alifundisha akiwa ameupa ubao uso na watoto mgongo. Mkufunzi wake alimwita akamwambia, "Mwalimu anafundisha watoto, hafundishi ubao. Ukirudia awamu hii, nakufelisha." Mazoezi yanaanza wiki inayofuata.

"Usiponing'oa naacha chuo," akasema. "Narudi kwa baba kuchunga. Bora ng'ombe, hawacheki."

Nikamwambia ukweli, meno mazima mimi simng'olei mtu. Akaenda moja kwa moja kwa Mganga Mfawidhi wa kituo, mtu wa haraka, mwenye foleni ya wagonjwa mpaka nje. Mfawidhi akaja chumbani kwangu.

"Mama Minza, mgonjwa ni mtu mzima, anajua anachotaka. Unabisha nini?"

"Daktari, leo nang'oa manne mazima. Mfupa wa taya utashuka, ya bandia yatalegea, atafundisha yakichezacheza mdomoni. Hapo ndipo watoto watacheka kweli kweli."

Akamwangalia yule binti, akaniangalia mimi. Hakuwa mtu mbaya. "Nakupa mwezi mmoja," akasema. "Akirudi na neno hilo hilo, namwita daktari mwingine, na wewe usinung'unike."

Nikampa Ng'wasi mswaki laini na mrija wa dawa ya meno ya kawaida yenye madini, ile inayotuliza na ganzi za meno. Akalisoma boksi lake. Mwalimu ni mwalimu. Akaniangalia kama mtu aliyetegewa nyoka.

"Floraidi? Madini yale yale yaliyoniharibu, unataka niyaongeze?"

Kosa hilo nililiona kwa watu wote waliotoka vijiji vile. Wanahamia ziwani, ambako maji hayana madini hayo ya kutosha, na kwa hofu ya kahawia wanawakataza hata watoto wao dawa yenye floraidi. Watoto wanaoza magego kabla hawajamaliza shule ya msingi. Nikaketi karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Maji ya kwenu uliyanywa meno yakiwa bado yanaumbwa ndani ya fizi. Rangi iliingia wakati ule. Sasa jino ni chungu kilichokwisha kuchomwa, unachokipaka kwa nje hakiingii tena kwenye udongo wake. Dawa hii itapaimarisha pale ulipochimba kwa mkaa, maumivu yaishe."

"Na rangi?"

"Kwa mswaki haitoki, hata usugue mpaka Yesu arudi. Daktari wa meno wa mkoa anaweza kuyafunika kwa ujazo mweupe bila kung'oa. Lakini fizi zipone kwanza. Na kikopo chako kinabaki hapa."

Akakiacha. Hakuniaga.

Mwezi ule niliishi roho juu, siwafichi. Kila nilipofungua mlango kuita mgonjwa, nilitazama kama yupo kwenye benchi. Niliogopa kwamba amekwenda kwa fundi wa uchochoroni, wale wa kung'oa kwa koleo la baiskeli. Niliogopa zaidi kwamba yuko machungani tayari, na kile kichwa chake kizuri kimepotea kwa ajili ya mabaka.

Alirudi, tena na mtandio wake, lakini umekaa shingoni. Akafungua kinywa bila kuambiwa. Fizi zimekuwa za waridi, zimeshika meno, damu hakuna.

"Maji ya baridi nakunywa," akasema. "Ya friji."

Mfawidhi alikuwa amemwona akipita, akachungulia mlangoni. "Binti, vipi? Nimwite daktari mwingine?"

"Bado, daktari. Namalizia mazoezi kwanza."

Mfawidhi alipoondoka akanisimulia. Siku ya kwanza darasani aliwasalimia watoto, akaugeukia ubao kama kawaida yake. Nyuma akasikia mtoto anasema, "Na wewe mdomo wako kama wa mwalimu." Akageuka. Hawakuwa wanamsema yeye. Walikuwa wanamcheka msichana mdogo, mgeni, aliyehamia mjini kwa shangazi yake kutoka vijiji vile vile. Mtoto amejiziba mdomo kwa daftari, macho yamejaa maji.

"Mayu, nilipandwa na hasira sijui zilitoka wapi," Ng'wasi aliniambia. "Nikaenda mpaka kwenye dawati lake, nikasimama, nikacheka. Meno yote nje! Nikawaambia, haya tazameni, haya ni maji ya kwetu. Mnataka kujua yamekuwaje? Shikeni kalamu. Nikawafundisha kipindi kizima. Mkufunzi alikuwa amekaa nyuma."

"Akasemaje?"

"Akasema niongeze sauti."

Alifaulu. Nilimwambia zaidi ya mara moja twende kwa daktari wa mkoa akayafunike, hakuna ubaya, ni haki yake. Kila mara jibu lilikuwa "baadaye, mayu." Akapangiwa shule huku kandokando ya ziwa, akaolewa, na mpaka leo hiyo baadaye haijafika.

Mimi nimestaafu. Waliniaga kwa pilau na hotuba, na Mratibu wa Afya ya Kinywa na Meno akasema mengi, mengine ya kweli. Watu huniuliza kama nimechoka. Sijachoka hata kidogo, na kazi yangu naijua, nikirudishiwa lile koti leo nalivaa. Ninachoweza kuwaachia ninyi mnaoanza ni kwamba jino lina mwenyewe. Mkimsikiliza mwenye jino mpaka mwisho, mara nyingi mtaona koleo halihitajiki.

Juzi Ng'wasi alikuja kunisalimia hapa nyumbani Usagara, na binti yake wa darasa la pili, Kabula. Kabula kazaliwa ziwani, amekunywa maji ya bomba, amepigishwa mswaki na dawa yenye madini tangu jino la kwanza. Meno yake ni meupe, safi, hayana tundu hata moja. Niliyaangalia, nikajivuna kama mwenye shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mama anasema wewe unazijua dawa zote za meno."

"Za madukani zote nazijua. Uliza."

Akamtazama mama yake, akasogea karibu na sikio langu, lakini hajui kunong'ona. "Nataka ile inayofanya meno yawe kama ya mama. Yangu ni meupe tu, kama ya watu wote."

Mimi, Mama Meno, ambaye katika kazi yangu yote sikuwahi kukosa jibu la swali hilo la dawa gani ninunue, nilimgeukia mama yake. Ng'wasi akaangua kicheko, kinywa wazi mpaka magego ya nyuma, machozi yanamtiririka. Kabula akasimama akimtazama kinywani, bado anangoja jibu lake.