Kayaki Nyepesi Tuliyoipeleka Jinja

Nilikwenda Jinja kwa sababu ya ufa. Kayaki ambayo Njoki, mpiga kasia wa kilabu cha Naivasha, angetumia kwenye mashindano ya kimataifa ya mbio za kayaki ilipasuka chini ya kiti wiki mbili kabla ya safari. Alikuwa akifanya mazoezi Ziwa Naivasha, ikagonga kisiki kimojawapo cha migunga iliyomezwa na maji ziwa lilipofurika. Mimi ni fundi wa faiba. Karakana yangu iko Free Area, Nakuru, na kazi yangu kubwa ni kuziba matangi ya maji na bodi za magari. Kilabu cha Naivasha kikaniletea ile kayaki, nikaitengeneza, kisha wakaniomba niandamane nao, kwani barabara ni ndefu na chombo chenyewe ni chembamba kama ganda la yai.

Ili niufikie ule ufa, nilifungua skrubu nne nikatoa kipande cha mbao kilichokuwa chini ya kiti. Sikukirudisha. Niliona faiba niliyoongeza imechukua nafasi yake. Nikainyanyua kayaki kwa mikono miwili, kama ninavyopima kila kitu kinachopita karakanani, nikasema iko sawa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Naivasha. Kocha Kiptoo, ambaye pia ndiye aliyekuwa dereva wetu, alikuwa ameshafunga kayaki juu ya pikapu na kuizungushia magodoro ya zamani. Njoki alifika kutoka Ndabibi kwa pikipiki, ameletwa na babake, Mzee Karanja, mkulima wa kabeji. Msichana huyu ana miaka ishirini na mbili; kila alfajiri hukamua ng'ombe wa nyumbani, kisha huenda kuchambua waridi kwenye shamba la maua. Ruhusa ya wiki moja aliipata kwa kubembeleza. Mzee alinisalimia, kisha akaniambia bila kuzungusha maneno kwamba haya yalikuwa mashindano ya mwisho kumruhusu, asipofika fainali. Alitaka binti atulie kazini.

"Mkimpeleka, mmpeleke vizuri," akasema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nakuru tulipita bila kusimama. Salgaa malori yalitubana hadi Kiptoo akazima redio ili asikilize barabara. Timboroa kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nikashuka kukaza kamba huku Njoki akiruka-ruka kando ya barabara apate joto. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, afisa wa forodha aliizunguka kayaki mara mbili, akauliza hicho ni kifaa cha kiwanda gani. Njoki akamwonyesha kwa mikono jinsi kasia linavyochota maji. Afisa akagonga muhuri, akamtakia heri. Tulilala Tororo.

Jumanne mchana, Jinja. Maji yalikuwa yamegawanywa kwa maboya, njia tisa zimenyooka kama mistari ya daftari. Kulikuwa na timu kutoka Misri, Nigeria, Afrika Kusini na kwingineko, na hema la waamuzi lenye mizani. Tulitangaziwa kwamba kayaki ya mtu mmoja isipungue kilo kumi na mbili, na anayetaka kuipima mapema anakaribishwa. Njoki akaniuliza kama tuipeleke. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia mimi nimeshaipima, yeye aende majini akayazoee.

Jumatano, saa tatu asubuhi. Mchujo wa mita mia mbili hauchukui hata dakika moja. Njoki aliondoka vibaya, wa sita, halafu akainamisha kichwa na kuanza kuyala maji kwa makasia ya harakaharaka. Alimaliza wa pili, nyuma ya msichana wa Misri, na wawili wa kwanza walikuwa wanaingia fainali moja kwa moja. Kiptoo alinikumbatia hadi nikakosa pumzi.

Lakini kayaki zikitoka majini hupitishwa kwenye mizani. Mwamuzi, mama wa makamo mwenye miwani, aliipima ya Njoki, akaishusha, akaipima tena. Ilipungua gramu mia mbili. Akaandika, akatuonyesha karatasi. Njoki alikuwa ameondolewa.

Kiptoo akamuuliza Njoki kama alitoa kitu chochote alipokuwa akiiosha. Akasema hapana, lakini kwa sauti ya mtu aliyeanza kujitilia shaka. Akauliza kama labda ni ile sponji ya kufyonzea maji aliyoiacha Tororo. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimenyamaza. Nilinyamaza kwa muda ambao bado unaniumiza nikiukumbuka.

"Ni mimi," nikasema mwishowe. "Kulikuwa na kipande cha mbao chini ya kiti. Nilikitoa Free Area na sikukirudisha."

Njoki akanitazama. "Na jana nilikuuliza tupime."

"Uliniuliza."

Alienda akaketi kwenye nyasi karibu na maji, peke yake, mpaka saa ya chakula ikapita.

Nilimrudia yule mwamuzi. Sikwenda kubishana, nilitaka kujua kilichobaki. Akanieleza kwa upole kwamba ya mia mbili imekwisha, ila jina la Njoki bado liko kwenye mbio za mita mia tano za Ijumaa, na mizani iko wazi siku nzima. Uzito unaoongezwa lazima ufungwe imara, usicheze. Nikaingia mjini, nikapata mbao na patasi kwa seremala, nikarudi ilipokuwa kayaki. Nilichonga kipande, nikakifunga, nikapima: kimepungukiwa. Nikachonga kingine. Cha tatu kilikaa sawasawa. Nilipokuwa nikikaza skrubu ya mwisho, Njoki alikuja akasimama juu yangu.

"Funga wewe, fundi," akasema. "Lakini kwa mizani naipeleka mimi."

Akaibeba begani, akaipima mwenyewe, akaisoma namba mara mbili.

Ijumaa. Asubuhi alimaliza wa tatu kwenye mchujo, akapita. Fainali ilikuwa saa tisa, na upepo ulikuwa umeanza kupiga kutoka ubavuni. Mita mia mbili za kwanza zote alibaki wa nane. Sikuona uso wake, niliona tu mabega yakizunguka bila kuvunja mwendo, wakati wengine upepo ulikuwa ukiwayumbisha. Akampita mmoja, wa pili, wa tatu. Alimaliza wa tano kati ya tisa. Alipofika ukingoni alitapika, akanawa, akaibeba kayaki hadi kwenye mizani. Ikapita. Ubao wa matokeo ulimwonyesha nafasi ya tano, na kwenye orodha ya mia mbili hakuwa na nafasi yoyote. Alisimama akazisoma zote mbili.

Jumamosi, njiani kurudi, nilipata muda wa kufikiri. Miaka ishirini nimekuwa nikijisifu kwa mikono yangu. Ikikosea kwenye tangi, maji yanavuja nami narudi kuziba. Jinja nilikosea mimi, na aliyelipa ni yule aliyekuwa ndani ya kayaki, nami nilikaribia kumwacha ajilaumu. Nikamwomba Kiptoo tusimwache Njoki stejini Naivasha, tumfikishe kwao.

Jumapili alasiri, Ndabibi. Mamake Njoki alituwekea chai na mukimo. Kabla sijagusa kikombe, nilimweleza mzee yote, tangu zile skrubu nne.

"Kwa hivyo angefika fainali mbili," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Njoki angejua."

Akanywa chai polepole. Kisha akamgeukia binti yake akamuuliza yeye anasemaje.

"Wa nne alinishinda kwa pua ya kayaki tu," Njoki akasema. "Huyo nitampata. Jumanne kabla ya kazi narudi ziwani, baba, na kayaki ni hii hii ya fundi."

Mzee alitazama nje, ng'ombe walikokuwa wakirejea kutoka malishoni.

"Basi Jumanne," akasema, "nitakamua mwenyewe."