Ujumbe Ambao Babu Hakuutuma

Tarehe tatu Februari mwaka jana, asubuhi, mume wangu alifariki. Alasiri akazikwa, na kulipokucha mimi nilikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, wala haonani na wanaume wasio maharimu zake, wale wanaoweza kumwoa. Sikuona tabu. Sikuwa na pa kwenda.

Alikuwa mtunza bustani wa hoteli huko Diani mpaka alipostaafu. Alipokuja kukaa nyumbani, huku kwetu kabla ya kufika Msambweni, akaanza kuukata ua wetu wa michongoma kwa kamba na kipimo, kama vile wageni wangekuja kuupiga picha. Wapita njia wakimuuliza chumba ni pesa ngapi. Naye akijibu, "Vimejaa, rudini Disemba."

Tuliishi na mwanangu wa mwisho, aliye kidato cha tatu, na mjukuu wetu wa miaka tisa, ambaye baba yake yuko kazini Mombasa. Huyu mdogo ndiye aliyekuwa akitusomea simu. Mimi nimesoma hadi darasa la saba na kusoma najua, lakini maandishi ya simu ni madogo na macho yangu yamechoka. Baada ya magharibi hukaa kati yetu akatusomea kila kilichoingia, hata matangazo. "Mpendwa mteja, umechaguliwa kupata mkopo." Babu yake husema, "Mjibu mwambie mpendwa hataki mkopo, anataka chai."

Januari hiyo uliingia ujumbe kwenye kikundi cha ukoo. Ulisema mlinzi wa msikiti mmoja Arabuni ameota ndoto, na kila atakayeusoma awatumie watu kumi. Atakayeutuma atapata furaha. Atakayeudharau atampoteza ampendaye kabla ya Ramadhani. Mjukuu wangu alisoma taratibu, sauti ikishuka kila mstari.

Babu akacheka. "Huyo mlinzi kazi yake ni kulinda au kulala? Usiutume."

"Niufute?"

Hapo hata yeye akasita. Juu ya ujumbe palikuwa na aya ya Kurani, na kwetu maneno ya Mungu hayatupwi ovyo. Hata kipande cha karatasi chenye herufi za Kiarabu ukikikuta njiani unakiokota, unakichomeka mahali pa juu.

"Uache hapo hapo," akasema.

Basi ukabaki ndani ya simu yangu, haukutumwa wala haukufutwa. Ramadhani ikawa haijafika, naye akafa.

Mimi sikuyaunganisha mambo hayo. Niliona tu kwamba mtoto haitaki tena simu. Nikimwita anisomee rambirambi, atasema anaumwa na kichwa, au betri imekwisha, na betri imejaa. Simu ikilia, yeye huyo uani. Nikadhani ni majonzi, nikamwacha. Kila mtu na njia yake ya kulia.

Mwezi wa Mei shule zikafunguliwa. Mwanangu na wenzake wawili wakapewa kazi na mwalimu wao: waandae kampeni ya kuwafunza watoto wa shule ya msingi ya hapa jirani kuhusu habari za uongo zinazopita mitandaoni. Kwa kuwa mwanangu hakutaka kuniacha peke yangu, wakawa wanakutana kwetu Jumamosi, barazani. Mmoja alikuwa msichana mwenye mkono mzuri wa kuchora. Mwingine alikuwa mvulana ambaye wazazi wake walitoka bara wakapata shamba huku kwenye makazi ya walowezi. Kwa sababu yake mimi nilikaa ndani, na pazia likawa kati yetu. Kijana yule hakuwahi kuniona, lakini kila alipofika alisimama mbele ya pazia, akavua kofia na kuliamkia.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Wazazi hawajambo?"

"Wako poa. Yaani, hawajambo."

Msichana akicheka mpaka anajiziba mdomo. "Unamvulia nani kofia, pazia?"

Nilizipenda Jumamosi zile. Nilikuwa nikichambua mchele huku nikiwasikiliza wakigombana juu ya karatasi za manila. Mwanangu alitaka waandike kwa herufi kubwa, FIKIRI KABLA YA KUSAMBAZA.

"Mtoto wa gredi ya nne hafikirii," kijana akasema. "Anabonyeza. Weka picha."

Msichana akachora jini linalotoka ndani ya simu. 

"Limefanana na naibu wa mwalimu mkuu," akasema kijana.

"Ondoa masharubu basi."

Jumamosi ya tatu wakaamua kufanya jaribio. Wakamwita mjukuu wangu, wakamketisha kwenye mkeka, eti yeye ndiye darasa zima. Mwanangu akamsomea yote: usifungue usichokijua, usiamini kila kitu, muulize mtu mzima.  Nilimwona mtoto kwa upenyo wa pazia, amekaa ameshika vidole vya miguu.

Kijana akaona darasa linalala, akaamua kulichangamsha. "Kuna ingine ilikuja kwa grupu ya kanisa yetu," akasema. "Malaika ameonekana, tuma kwa watu kumi, usipotuma utapoteza mtu unampenda. Mathe, yaani mama, akaogopa, akatumia kila mtu, hadi yule hutuletea maji na punda. Wiki hiyo hiyo punda akakufa."

Wakacheka wote, na mimi ndani nikacheka. Mjukuu wangu hakucheka.

"Na asiyetuma?" akauliza.

"Mimi sikutuma. Si niko hapa?"

"Babu hakutuma."

Alilisema hilo polepole. Kisha likatoka lote kwa mkupuo. Kwamba ilikuja kwetu pia, ya mlinzi wa msikiti, kwamba yeye ndiye aliyeisoma, na simu ilikuwa mkononi mwake. Babu alikataa, lakini yeye angeweza kutuma kwa siri na hakutuma. "Mimi ndiye niliyempenda," akasema. "Ndiyo maana akafa yeye."

Nikasimama nikafika mlangoni, nikakumbuka yupo kijana wa watu nje, nikashika pazia. Sikujua nitoke au nisitoke. Mtoto akanikatia shauri, akaja mbio akapita chini ya mkono wangu, akajitupa kifuani. Nikaketi naye sakafuni. Miezi mitatu alikuwa amelala ubavuni mwangu na jambo lile, mimi nikidhani ni majonzi tu.

Nikamwambia si kweli, Mungu ndiye anayechukua. Akanijibu, "Najua," kwa sauti ya mtu asiyeamini.  Zile karatasi zote za barazani hazikuwa na neno la kumwambia mtoto huyu.

Mara nikamsikia mwanangu upande wa pili wa pazia, karibu kabisa.

"Mimi niliituma."

Mtoto akanyanyua uso.

"Ilipoingia tu, niliituma. Niliogopa. Sikumwambia baba kwa sababu angenicheka. Niliwatumia watu kumi, nikahesabu. Na yeye ni baba yangu, nilimpenda tangu wewe hujazaliwa. Nilituma, na akafa."

Mjukuu wangu akafikiri. Namjua, si mtu wa kuridhika haraka. "Labda mmoja hakuipata."

Mkono wa mwanangu ukaingia pembeni ya pazia umeshika simu. Mtoto akaichukua. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameshika simu tangu msiba. Akafungua jina moja baada ya jingine, akilitaja kwa sauti, akitazama zile tiki mbili. Shangazi wa Vanga alipata. Binamu wa Kinango alipata. Rafiki zake wa shule walipata, na yule msichana mchoraji pia.

"Hata wewe?" kijana akamuuliza mwenzake huko nje.

"Na mimi nikawatumia wengine kumi," msichana akasema. "Usiniangalie hivyo."

"Na ndiyo nyinyi wa kampeni!"

Mtoto akamaliza majina yote, akairudisha simu chini ya pazia.  Akabaki amelala mapajani mwangu, na baada ya muda nikasikia pumzi zake zimetulia.

Vijana hawakutumia yale mabango yao ya manila. Siku ya kampeni mimi sikuweza kwenda, eda ilikuwa haijaisha, lakini nilihadithiwa. Mwanangu alisimama mbele ya watoto akasema ni ujumbe gani aliutuma, kwa nini aliutuma na nini kilitokea baadaye. Msichana naye akasema wake. Kijana akasimulia habari za punda. Halafu wakawauliza watoto, nani amewahi kuogopa kwa sababu ya ujumbe? Wanasema mikono ilichelewa kuinuka, kisha ikainuka mingi mpaka mwalimu akavuta kiti akakaa.

Jioni hiyo mjukuu wangu alirudi, akavua sare, akaja kukaa nami kwenye ungo wa mchele. Akachambua kidogo.

"Bibi, sasa babu alikufa na nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulisema tu ameitwa na Mola wake, tukadhani inatosha. Nikamwambia ukweli. Babu yako alikuwa na sukari. Alipata kidonda mguuni akakificha ndani ya soksi, hata mimi hakunionyesha, mpaka siku aliposhindwa kusimama. Tulipomfikisha hospitali walisema sumu yake imeshapanda mwilini.

"Kwa nini alikificha?"

"Aliogopa kukatwa mguu."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa.

"Na wewe una sukari?"

"Sijui. Sijapima."

"Mbona hujapima?"

 Akaningoja, kisha akauvuta ungo upande wake, akaendelea kuchambua.