Kura Yangu ya Namba Tisa

Nilihamishiwa Kibondo nikiwa na miaka thelathini na mitatu na goti moja lisilokunjika vizuri. Kazi yangu ni ya maabara: kupima malaria, kupima damu, kuangalia choo cha watoto kwenye darubini. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, nilichezea timu ya taifa ya raga ya wanawake, na minne ya mwisho nilikuwa nahodha. Kibondo hakuna aliyelijua hilo, na nilipojaribu kulieleza halikueleweka. Mama mwenye nyumba wangu, mwanamke wa Kiha anayelima maharage na mihogo, aliuliza kama ni ule mchezo wa kutupia mpira kwenye kikapu. Nikamwambia hapana, huu unakimbia na mpira kwapani, wapinzani wanakuangusha.

Akanitazama kwa huruma. "Na nani aliwatuma, mwanangu?"

Simlaumu. Watu walikuwa wema kwangu tangu siku ya kwanza. Wanawake wa uani waliniamkia "Mwakeye" kila asubuhi, wakanifundisha kuitikia. Lakini salamu ikiisha, mazungumzo yalirudi kwenye Kiha, na mimi mtu wa Arusha nikabaki nikitabasamu tu, nacheka wakicheka. Jumapili ndizo zilikuwa ndefu. Wenzangu wa kazini wengi walikuwa na familia. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu sana, nikazianika, nikakaa kizingitini kutazama ukungu ukiondoka juu ya mashamba.

Aliyenishika nisianguke alikuwa mwenzangu mmoja wa timu, ambaye bado alikuwa anacheza. Nafasi yake ni namba tisa, yaani yule anayesimama nyuma ya rundo la watu wanaosukumana, akauchomoa mpira miguuni mwao na kuutoa haraka kwa wanaokimbia. Mimi nilicheza ndani ya rundo. Kwa miaka yote hiyo kichwa changu kilikuwa chini, simwoni, namsikia tu: "Kushoto! Bado! Bado! Sasa!" Goti lilipovunjika, alilala hospitalini pamoja nami siku tisa, kwenye mkeka chini ya kitanda. Aliniogesha. Alinikata kucha. Nilipokuja Kibondo akawa ananipigia simu kila siku nikitoka kazini. Tulizungumza mambo ya ovyo tu: amepika nini, jirani yake kanunua kochi gani, binti gani mpya wa mazoezini anavaa wigi uwanjani. Mtandao ulishika vizuri kwenye kona moja ya ua, karibu na ukuta, basi nilisimama hapo hadi mguu ukafa ganzi. Bado aliniita Nahodha.

Katika mwaka wangu wa pili, mwenyekiti wa kamati ya uteuzi alinipigia.

"Tunahitaji mtu wa tatu," alisema. "Mimi, kocha, na wewe."

"Mimi niko Kibondo, Mwenyekiti."

"Ndiyo sababu. Huna klabu, huna upande. Video za mechi tutakutumia."

Naona aibu kusema nilifurahi kiasi gani. Kulikuwa na mahali ambapo bado nilihitajika.

Video zilikuwa nzito kwa mtandao wa kwangu, kwa hiyo Jumamosi nilipanda basi kwenda Kasulu, nikakaa kwenye mgahawa wa mzee mmoja ambaye ukoo wake ulitoka Pwani zamani kufuata biashara. Niliagiza chai na chapati, nikaweka simu mbele ya kikombe, nikatazama. Siku moja mzee aliinama begani kwangu.

"Hawa wamegombania nini?"

"Wanacheza, mzee."

"Haya. Siku wakigombana uniite."

Timu yetu ilikuwa imezeeka. Wengi tulianza pamoja, na tulikuwa tunachoka pamoja. Mwenyekiti alitaka damu changa. Kocha aliogopa kupeleka watoto peke yao kwenye mashindano ya nje. Kwa majina mengi tulikubaliana bila shida: huyu mkubwa abaki kwa sababu rundo halisimami bila yeye, yule mdogo aingie kwa sababu hakuna anayeweza kumkimbiza. Tukafika namba tisa. Nafasi za safari zilikuwa chache, na tuliamua kuchukua mmoja tu wa nafasi hiyo. Mmoja alikuwa mwenzangu, mwenye miaka thelathini na sita. Mwingine alikuwa binti wa miaka kumi na tisa.

"Mechi ikichafuka, nani atawatuliza?" kocha aliuliza. Tulikuwa watatu kwenye simu moja. "Yule mama anawaongoza wenzake kwa kidole tu."

"Na huyu binti asipopewa sasa atapewa lini?" mwenyekiti akajibu. "Akishakuwa na miaka thelathini na sita?"

Nikaelewa kwamba wananisubiri mimi. Niliomba wiki moja.

Jumamosi ile nilitazama mechi tatu, kila moja mara mbili. Chai ilipoa. Nilichokiona sikukipenda. Mwenzangu alikuwa anafika kwenye rundo akiwa amechelewa kidogo. Nilihesabu kwa midomo: moja, moja na nusu. Mara nyingine mbili. Kwenye raga muda huo unatosha kabisa kwa adui kujipanga. Binti alikuwa amekwishafika kabla rundo halijatulia, mikono tayari. Nilimwona pia mwenzangu akiwasogeza wengine kwa kiganja, huku wawili, kule mmoja, nao wakisogea bila kugeuka kumtazama. Hilo nalo nililiona. Nililiandika kwenye karatasi, nikaikunja.

Jioni akanipigia kama kawaida. Alijua niko kwenye kamati, wote walijua.

"Sikuulizi chochote, Nahodha," alisema.

"Najua."

"Ila huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nikirudi kutoka kwenye hayo mashindano, natundika viatu. Mwanangu naye anaanza darasa la kwanza."

Nikamuuliza amepika nini. Akasema makande.

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chai, nilitoka nje ya maabara nikampigia mwenyekiti. Nikasema, "Mchukueni binti." Sauti yangu haikutetemeka, na hilo lilinishangaza. Mwenyekiti alishukuru. Akasema orodha itatoka kesho yake mchana kwenye kundi la timu.

"Nitamwambia mwenyewe kabla haijatoka," nikasema.

"Fanya hivyo. Ni vizuri."

Sikufanya. Jioni ile aliponipigia sikupokea. Nilijiambia kwamba nina kichwa, kwamba mtandao unakatika, kwamba asubuhi ndiyo saa nzuri ya kumwambia mtu jambo zito. Asubuhi kulikuwa na foleni ya wagonjwa hadi nje ya mlango, nikaishukuru foleni ile moyoni. Saa saba mchana simu ilitetemeka mfukoni mwa koti langu jeupe. Nilikuwa na sampuli mkononi. Nilipoifungua baadaye, orodha ilikuwa imetoka, na chini yake wachezaji walikuwa wanapongezana. Yeye aliandika: "Hongereni wote." Kisha akatoka kwenye kundi.

Nilisimama kwenye kona ya ua siku tatu. Hakupiga. Siku ya nne nikapiga mimi.

"Uliona nachelewa?" ndivyo alivyoanza, bila salamu.

"Niliona."

"Kiasi gani?"

"Sekunde moja. Mara nyingine mbili."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Na mimi nilijua," akasema. "Unafikiri sikujua? Magoti yangu mwenyewe? Ungeniambia mimi kwanza. Ungesema, 'Dada, umechelewa.' Ningejitoa mwenyewe, nikaaga wenzangu, nikampa yule mtoto jezi kwa mkono wangu. Umeniacha nikasoma kwenye simu kama tangazo la msiba."

"Nilitaka kukupigia."

"Ulitaka." Akarudia neno hilo polepole, kama analionja. "Haya, Nahodha. Kazi njema."

Hakunipigia tena.

Sikujua siku yangu ilikuwa inasimama juu ya nguzo ile moja hadi ilipoondoka. Nilitoka kazini, nikafika nyumbani, na jua bado lipo, na hakuna kitu. Nilipika ugali wa muhogo wa mtu mmoja, nikala nimesimama. Nikaanza kuchelewa kutoka kazini kwa makusudi, nikisugua vioo vya darubini ambavyo vilikwishakuwa safi. Kuna wiki moja nilihesabu maneno niliyosema Jumapili nzima. Yalikuwa machache kuliko vidole vyangu, na mengi yalikuwa salamu.

Mama mwenye nyumba aliona. Alikuja mlangoni na beseni la mihogo na visu viwili, akaketi bila kukaribishwa.

"Umefiwa?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Mbona husimami tena pale ukutani?"

Nikamweleza, kwa kifupi, bila raga: kwamba nilikuwa na rafiki, kwamba ilinibidi kuchagua mtu mwingine kwenye kazi fulani, kwamba sikumwambia. Alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu.

"Kuchagua, ulikosea?"

"Sidhani."

"Basi hilo liache. Ulimficha. Hilo ndilo linalomuuma." Akanisogezea kisu. "Menya. Mihogo mingi hii."

Tulimenya hadi beseni likaisha.

Siku ya mechi kubwa niliomba ruhusa, nikaenda Kasulu. Mzee wa mgahawa alinipa meza ya ndani, mbali na kelele za barabarani. Kipindi cha kwanza binti alikuwa moto. Mpira ulitoka kwenye rundo kama umetemwa, wapinzani wakawa wanageuka wakati wenzetu wamekwishapita. Nililia kidogo, peke yangu, kwa sababu nilikuwa sahihi. Kipindi cha pili wapinzani walibadilika. Walianza kusukuma polepole, kwa uzito, kila mara mahali palepale. Wasichana wetu wakaanza kupigiana kelele. Mmoja alimsukuma mwenzake kifuani. Binti alisimama nyuma ya rundo akitazama huku na huku, mikono imeinuka, na hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Tulifungwa kwa pointi chache, dakika za mwisho kabisa.

Kocha aliniandikia neno moja: "Umeona?"

Nikajibu kwamba nimeona. Mzee alikuja kuondoa vyombo, akanitazama usoni, akaniachia kikombe kingine cha chai.

Wiki mbili baadaye namba nisiyoijua ilinipigia nikiwa kazini. Sauti ilikuwa ya kitoto kuliko nilivyotarajia.

"Shikamoo, dada. Ni mimi, namba tisa."

"Marahaba."

"Samahani kwa kukusumbua. Nilitaka kuuliza, zile dakika za mwisho ningefanyaje? Nilikuwa naita, hawanisikii."

Nilikwenda nje, nikaegemea ukuta. Nilikuwa na majibu. Niliyasikia kwa miaka kumi na mmoja nikiwa nimeinamisha kichwa. Lakini nilijua kuyasikia tu, sikujua yanavyotengenezwa.

"Sijawahi kucheza namba tisa," nikamwambia. "Kuna mtu mmoja wa kumuuliza, na unamjua."

"Naogopa. Nilichukua nafasi yake."

"Hukuichukua. Mimi ndiye niliyekupa. Akitaka kugomba, mwambie anigombeze mimi."

Nikampa namba. Baadaye alinieleza kwamba simu ya kwanza mwenzangu alimsikiliza tu na kumwambia atafikiri. Ya pili alimwambia aje Jumamosi uwanjani na raba nzuri. Tangu hapo wanakutana kila Jumamosi. Anamfundisha kushusha sauti badala ya kuipandisha, kumgusa mtu bega kabla ya kumwita, kujua nani anahitaji kukemewa na nani akikemewa anavunjika. Msimu uliofuata kocha alimchukua mwenzangu awe msaidizi wake. Nilisikia kutoka kwa binti, naye alinieleza kwa furaha, akidhani najua tayari.

Nilimwandikia mwenzangu ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: "Nisamehe kwa kutokukwambia. Kwa kura siombi." Alijibu kesho yake: "Nimesoma. Asante." Hadi ninapoandika haya hatujaongea. Mwanzoni nilingoja. Sasa siwezi kusema nangoja, ila simu ikilia baada ya kazi bado nalitazama kwanza jina kabla ya kunawa mikono.

Sikujiuzulu kwenye kamati, ingawa nilifikiria. Uteuzi uliofuata ulituletea suala lilelile kwa mtu mwingine, mama wa watoto wawili aliyekuwa anasukuma bega kwa bega nami kwenye rundo. Binti wa miaka ishirini na moja alikuwa na nguvu kumzidi. Kocha na mwenyekiti walikubaliana hata kabla ya kuniuliza. Niliwaomba waizuie orodha hadi jioni.

Nilimpigia mchana, nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nje ya maabara, bado nimevaa glavu ya mkono mmoja.

"Nataka uyasikie kutoka kwangu," nikasema. "Safari hii hatukuchukui. Nimekubaliana na wenzangu, na nitakueleza kwa nini."

Alinitukana. Alinitukana vizuri, kwa utaratibu, akianzia siku nilipokuwa nahodha. Sikumkatiza. Kisha akalia, kisha akauliza kwa nini, nikamweleza: miguu, mgongo, anavyoishiwa nguvu ikifika dakika ya sitini. Akasema mengine ni kweli na mengine ni uongo. Tukabishana kuhusu hayo ya uongo kwa muda mrefu, hadi muuguzi akatokeza kichwa mlangoni kuniambia sampuli kutoka zahanati ya Kitanga zimefika na gari linasubiri kurudi.

"Nenda kafanye kazi yako," mama yule akaniambia kwenye simu. "Kesho nitakupigia nimalizie kukutukana."

Akapiga kweli.