Familia Yangu ya Majaribio

Ndugu wasomaji, nawasimulia haya ili anayejifunza kutengeneza tovuti asirudie kosa langu.

Mimi nilikuwa najifunza tovuti zinazotumia hifadhidata. Si jambo gumu: unapanga taarifa kwenye majedwali kama nguo kabatini, na mtu akitafuta jina, ukurasa unakwenda kulileta. Kanisa letu hapa Nyakato likaniomba tovuti kama hiyo ya familia za waumini.

Ili kuijaribu, nilihitaji familia ya kubuni. Mchana ule upepo wa ziwani uliingia dirishani taratibu, nikamuwaza Neema wa kwaya, ambaye sijawahi kupata ujasiri wa kumwambia nampenda. Vidole vikaandika vyenyewe: mume: mimi; mke: Neema; watoto: watatu; makazi: nyumba yenye kibaraza kinachotazama ziwa. Nikasahau kufuta.

Jumapili, skrini ya kompyuta yangu ikimulikwa ukutani kwa projekta mbele ya wazee wa kanisa, nikaeleza kwa utulivu, "Wazee wangu, mashine haibuni kitu. Inaleta tulichoweka sisi."

"Basi mtafute binti yangu," akasema Mzee Kamugisha, baba yake Neema.

Nikaandika jina. Ukuta ukajaa.

Mzee akasogea, akasoma polepole mpaka kwa mtoto wa kwanza, niliyempa jina la babu yake: Kamugisha.

"Shikamoo, mzee," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba." Akavua miwani. "Mjukuu nimemwona. Posa ndiyo sijaiona."